Ushauri: Nataka kuingia polisi ya India (IPS), nisake majambazi sugu

Mtaka_Nyota: Wakuu, nina miaka 29 na digrii ya sheria. Nianzie wapi? Usingizi sipati.

Faili_Jekundu: Kuanzia ngazi ya afisa ni mtihani wa UPSC, tume ya ajira za serikali ya India: mchujo, karatasi tisa za kuandika, usaili Delhi. Ukipangiwa IPS unapitia chuo cha maafisa wa serikali Mussoorie, kisha chuo cha polisi Hyderabad. Mwanaume awe na sentimita 165. Kundi la kawaida (wasio na nafuu ya umri), tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mtihani uwe hujatimiza 32.

Kobe_wa_Pwani: 165 bila viatu, mkuu 😂

Nondo: Na si kazi ya risasi. Ukimkamata mtu jimbo lingine, unaomba hakimu wa pale kibali cha kumsafirisha. Saa 24 zikipita bila hakimu, wakili wake anakucheka. Ukiua, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2014 timu nyingine inakuchunguza, na silaha unaikabidhi. Veerappan, jambazi wa msituni huko India, alisumbua miaka na miaka. 2004 polisi walimnasa kwa mtego tu, akaingizwa kwenye ambulensi bandia.

Bi_Mkubwa: Damu ya mtu haiendi bure, mwanangu. Tafuta kazi nyingine.

Faili_Jekundu: Pasipoti yako ya wapi?

Mtaka_Nyota: Kwani lazima?

Faili_Jekundu: Ndiyo swali lenyewe.

Mtaka_Nyota: Ya Tanzania. Ila babu ni wa Gujarat, nina kadi ya OCI (ya raia wa nje wenye asili ya India) mwaka wa pili. Na kanuni zao zinawataja Wahindi waliotoka Tanzania!

Faili_Jekundu: Kwa huduma nyingine, tena waliohamia India kwa nia ya kuishi huko daima. IPS ni raia tu. Kwa njia ya OCI, uraia unaombwa kadi ikitimiza miaka 5, ukiwa umekaa India miezi 12 kabla ya kuomba, na wa Tanzania unauacha. Piga hesabu ya umri.

Mtaka_Nyota: Kazi nimeshaacha. Kuna wakala nimempa nusu ya ada, usaili Hyderabad mwezi ujao.

Sukari_Guru: Chai hii. Hyderabad hawasaili mtu, wanapokea waliokwishapangiwa. Mwanasheria gani hajui?

Mtaka_Nyota: Si chai, muamala ninao.

Faili_Jekundu: Ada ya mchujo wa UPSC ni rupia 100. Wewe ulilipa akaunti ya nani?

Mtaka_Nyota: Nilituma kwa simu. Wakala ni mwanaume, jina lililotokea ni la mwanamke.