Kujaza mitungi ya peintiboli kwa mtungi wa kuzamia, yafaa ama ni hatari?

KijanaMtwapa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naombeni msaada kwa wenye kujua hii mambo. Sisi na vijana wa mtaa huwa twacheza peintiboli (ule mchezo wa kupigana risasi za rangi kwa bunduki za hewa) kila Jumapili kwenye shamba moja huku Mtwapa, bunduki tunazo sita za mtumba na kila moja ina kamtungi kake ka hewa, vile vidogo vya aluminiamu vya lita 0.8, vimeandikwa psi 3000 (kipimo cha presha). Shida ni kujaza, tukiisha hewa saa nne asubuhi basi mchezo umeisha, watu warudi nyumbani na wametoa pesa yao. Sasa ami yangu alikuwa akizamisha wageni Bamburi miaka mingi, ameacha kazi na ameniachia mitungi miwili mikubwa ya kuzamia, mmoja umejaa bado. Nimepata na ule mpira wa kujazia wenye geji, upande mmoja wafunga kwenye mtungi wa kuzamia kwa ile klampu na upande wa pili wabana kwa nipo, kile kichwa cha kuingizia hewa, ya kamtungi kadogo. Jamaa aliyeniuzia akanambia nitie mafuta ya cherehani kidogo kwenye nipo ili ishike vizuri isikwaruze, halafu nifungue tu mpaka igome. Ni hivyo kweli? Na mtungi mmoja waweza kujaza vidogo vingapi? Kesho kutwa tuna mchezo na kuna watoto wa form two watakuja kwa hivyo sitaki kubahatisha.

Mzamiaji_Bamburi

Waaleikum salaam. Yakhe, kabla ya yote, HAYO MAFUTA USITIE. Ushayatia? Kama umeyatia usijaze kitu, sema hapa kwanza.

Nitakueleza kwa nini maana mtu akiambiwa usifanye bila sababu huwa yuafanya tu. Wajua injini ya dizeli ya matatu haina plagi, hewa yabanwa kwa nguvu mpaka yapata moto yenyewe halafu mafuta yakinyunyizwa yawaka. Sasa wewe ukifungua hewa ya bar 200 (bar nayo ni kipimo cha presha) ghafla ikaingia kwenye kamtungi kaliko tupu, ile hewa mle ndani yabanwa na yapata moto vilevile, na kama kuna mafuta kwenye nipo ama kwenye mpira basi umetengeneza dizeli mkononi mwako. Mafuta ya cherehani, ya nazi, grisi ya gari, WD-40, yote ni mamoja. Nipo hukaa kavu na safi, ukiona mchanga ama vumbi futa kwa kitambaa kisicho na mafuta, basi. Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za bunduki yenyewe zina grisi yake ya silikoni lakini hiyo ni habari ya bunduki, haihusiani na sehemu ya kujazia.

Kujaza kwenyewe kwafaa, watu wafanya dunia nzima, hewa ya kuzamia ni hewa hii hii tunayovuta ila imechujwa na kukaushwa, hata kamtungi kako kataipenda kuliko hewa ya kompresa ya gereji ambayo ina maji na mafuta na tena haifiki hata robo ya presha unayotaka. Lakini muulize ami kama mitungi yake ilijazwa hewa ya kawaida ama nitroksi. Kama una ule utepe wa kijani na manjano usiutumie kwa hii kazi, nitroksi ina oksijeni zaidi na oksijeni ikizidi vitu huwaka kwa urahisi zaidi.

FundiGesi_Changamwe

Naongezea hapo kwa oksijeni maana najua vijana. Kuna mtu atakwambia mbona kwa fundi wa kulehemu kuna mitungi mikubwa ya oksijeni na ni rahisi kupata, nenda ujaze pale. Usithubutu hata siku moja. Oksijeni tupu ikikutana na alama ya mafuta ya kidole tu kwenye presha ile ni balaa, sisi tunaoishika kila siku twaiogopa.

Na kingine, hakikisha vimitungi vyako ni vya hewa kweli si vya CO2. Vyafanana sana na watu wavichanganya kwenye mtumba. Cha CO2 kimeandikwa 1800 shingoni na hujazwa kwa kupimwa uzani, ukikipa hewa ya 3000 umekipita mbali. Cha hewa kina regyuleta, yaani kipunguza presha, yenye geji ndogo na nipo ubavuni.

dadaNyali

Mimi nimejaza hivi miaka mitatu, twacheza na wenzangu wa kazini, na kilichonifunza ni siku moja nilikuwa na haraka. Watu wamepanga foleni wanipigia kelele "dada fanya upesi", nikafungua valvu yote, kamtungi kakajaa kama sekunde tano na geji ikasoma 200 nikafurahi kweli. Nilipokashika kalikuwa kamoto mpaka nikakaacha kwenye nyasi. Nusu saa baadaye geji yasema 175 hivi. Hewa haikuvuja popote, ilikuwa moto tu ikapoa, presha ikashuka na moto wake. Kwa hivyo ile haraka haikuniokolea kitu, nikarudi kujaza tena, na tena nilikuwa nimeutesa mtungi bure. Yule mwenzangu mwenye kamtungi ka kaboni faiba ndiye aliyenifokea kwelikweli, yeye asema joto ndilo linaloua ile gundi inayoshika nyuzi za kaboni.

Sasa nafanya hivi. Nafunga klampu, naangalia oringi ya valvu ya mtungi mkubwa isiwe imekatika wala haina mchanga, nabana mpira kwenye nipo na kuuvuta kidogo kuhakikisha umeshika, nafunga kile kikoki cha kutoa hewa, halafu nafungua valvu ya mtungi mkubwa POLEPOLE kiasi cha kusikia ule mlio mwembamba, ssss, kama birika linalotaka kuchemka. Geji ipande kama bar 2 ama 3 kwa sekunde, si zaidi. Kamtungi kakianza kupata vuguvugu nafunga nasubiri. Ikifika ninapotaka nafunga mtungi mkubwa kwanza, halafu nafungua kikoki kutoa hewa iliyobaki kwenye mpira, na ndipo nachomoa. Ukichomoa kabla ya kutoa hiyo hewa ama haitoki kabisa ama mpira wakurukia usoni. Miwani ya mchezo navaa nikijaza, na kamtungi sikapakati wala sikaelekezi kwa mtu.

KijanaMtwapa

Alhamdulillahi mafuta sikuwa nimetia, chupa hii hapa mezani haijafunguliwa. Nimewashukuru sana. Dada ile ya kukaweka kwenye karai la maji ili kasipate moto yafaa? Na ile "mpaka igome" je?

Mzamiaji_Bamburi

Karai la maji wachana nalo, tone likikaa kwenye nipo ukijaza ndilo linaloingia ndani la kwanza, na maji ndani ya mtungi ni kutu, hasa huku kwetu kila kitu kina chumvi. Kivuli na subira vyatosha.

"Mpaka igome" inategemea mtungi mkubwa ni wa presha gani. Kama ni ule wa kawaida wa aluminiamu wa lita 11, ule ni bar 207 ambayo ndiyo psi 3000 hiyohiyo, utagoma wenyewe usawa huo ama chini yake. Lakini ukikuta mtungi wa chuma wa 232, ama ule wa 300 wa kufunga kwa DIN (wa kuskurubu ndani badala ya klampu), haugomi mahali pako, unapita. Na usiseme diski ya usalama, kile kibati cha kupasuka presha ikizidi, itapasuka iniokoe, kwa mtungi wa 3000 diski yake huwa ya 5000, yaani karibu bar 345, mtungi wa 300 hauifikii. Macho kwa geji, ukiona 200 simama.

Kuhusu vingapi, tufanye hesabu. Lita 11.1 kwa 207. Kamtungi ka 0.8 kakirudi kana bar 60 hivi (chini ya hapo regyuleta nayo haipati presha ya kutosha, risasi zaanza kuanguka njiani), cha kwanza chatoka na 197, cha pili 188, cha tatu 179, cha nne 171, cha tano 164, cha sita 157. Kwa hivyo wa sita yuapata kama theluthi mbili ya hewa ya mchezo. Sasa una mitungi miwili, na hapa ndipo watu wapotezapo hewa. Usijaze yote kwa ule uliojaa. Anza kila kamtungi na ule mkubwa ulioshuka, ukilingana nao funga, umalizie na ule uliojaa. Hivyo ule uliojaa watoa kidogo tu juu na wadumu siku nzima. Andika kwa chaki ubavuni A na B usije ukasahau.

NahodhaLikoni

Mimi nauliza jambo moja tu, hiyo mitungi ya ami ilipimwa lini mara ya mwisho?

Nauliza kwa sababu mitungi iliyoachwa nyumbani ndiyo ninayoiogopa mimi. Angalia shingoni pamegongwa tarehe. Kwa utaratibu wa Marekani, ile iliyoandikwa DOT (idara yao ya uchukuzi), hupimwa kwa maji kila miaka 5 na kuangaliwa ndani kila mwaka na watu wa daivingi. Vimitungi vidogo pia vina tarehe zake, visisahauliwe. Aluminiamu ya zamani ya kabla ya 1990 kuna aina ya aloi, 6351, ilikuwa yapasuka nyufa shingoni, hiyo wengi hawaijazi tena.

Na ukibeba, usiuache kwenye buti ya gari foleni ya feri saa saba mchana. Mtungi uliojazwa 207 kwa joto la 30 ukifika 60 presha yake ni kama 227. Funika valvu, ulaze, ufunge usibingirike, maana ukigonga valvu ikakatika huo si mtungi tena ni kombora.

KijanaMtwapa

Nahodha nimetoka na tochi ya simu kuangalia. Wa kwanza umeandikwa DOT-3AL3000, S80, halafu 06 na 08. Hakuna tarehe nyingine baada ya hapo. Wa pili una ya 2021. Uliojaa ni ule wa 2008.

NahodhaLikoni

Basi huo wa 2008 usiguse kwa mchezo wa kesho kutwa. Na hakuna atakayekujazia akiona hiyo tarehe, ni haki yake. Fungua valvu kidogo uachie hewa taratibu nje kwenye kivuli, usiimalize yote, bakisha kidogo ndani ili hewa yenye unyevu isiingie. Halafu upeleke ukapimwe. Wa 2021 nao hesabu kama haijapita ile miaka 5, na uangaliwe ndani kabla ya kujazwa maana umekaa tupu.

dadaNyali

Kijana kama wataka, Jumapili nitakuwa huko Mtwapa kwa dadangu, naja na mtungi wangu na mpira wangu uone kwa macho. Hewa yake mtalipa ya kujazia tu. Ila vimitungi vyako vyote sita niletee picha za shingo kwanza, kimoja kimoja.

KijanaMtwapa

Dada Mungu akubariki. Picha za vinne hizi, zote tarehe zake hazijapita miaka 5. Viwili rangi imefunika namba na sitaki kukwangua kwa kisu, nimeviweka kando, Jumapili watu watapokezana bunduki nne. Wa ami naendelea kuutoa hewa hapa uani, yatoka polepole, valvu imeanza kuota barafu.

Mzamiaji_Bamburi

Ikiota barafu funga upumzishe dakika kumi kisha uendelee. Na mwambie ami salamu zangu, kama ndiye ninayemdhania tumeshuka pamoja kwenye Dania, ile meli iliyozama, mara nyingi wakati wa kaskazi.