CT, MRI au PET: kipi kinafaa mailoma inapotoka nje ya mfupa?

Kijana wa Mkomani (Lamu):
Assalaam alaykum. Ami yangu, nahodha mstaafu, alitibiwa mailoma, yaani saratani ya seli za plazma katika uboho, akapata nafuu. Mwezi uliopita, alipokuwa akijifunga kikoi, aligusa uvimbe mgumu usiouma chini ya mbavu, mkubwa kama kokwa la embe. Eksirei ya mifupa haikuonyesha jipya, lakini daktari anahofia kwamba ugonjwa umerudi kwa kuingia kwenye nyama. Ametutajia vipimo vitatu vya picha: CT, MRI na PET. Kabla hatujavuka Mokowe kwenda bara, naomba kuelezwa tofauti zake.

Mpiga Picha (Malindi):
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Eksirei isiwatulize, kwa kuwa hata mfupa wenyewe hupoteza takriban asilimia 30 ya madini yake kabla ya tundu kuonekana, sembuse nyama laini. CT, yaani eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, ni ya haraka na huonyesha umbo na ukubwa wa uvimbe, ila haisemi kama uvimbe huo u hai au ni kovu; tena dawa ya kung'arisha picha huweza kuzielemea figo, ambazo kwa wagonjwa hawa aghalabu ni dhaifu tayari.

Mimi ningechagua PET ikiambatana na CT. Mgonjwa hudungwa sukari yenye florini-18, yaani florini yenye mnururisho, seli za saratani zikaila kwa pupa na kung'aa popote zilipo, iwe kwenye ini, tezi au ngozi. Baada ya matibabu, kipimo hicho hicho huonyesha kama uvimbe uliobaki umezimika, ilhali MRI, inayopiga picha kwa sumaku, huweza kuendelea kuonyesha alama za zamani kwa miezi. Kwa kuwa nusu ya florini hiyo hutoweka kila dakika 110, haiwekwi akiba, na ndiyo maana itawabidi mfike Nairobi.

Bi Mwenye Subira (Malindi):
Mwanangu, nakubaliana naye kwa sehemu tu. Mama yangu alipoanza kufa ganzi miguuni, MRI ndiyo iliyoonyesha uvimbe ukikandamiza uti wa mgongo. Ubongo nao hula sukari kwa asili yake, kwa hiyo PET haiuoni vizuri. Zaidi ya hayo, zipo mailoma zisizopenda sukari, ambapo PET hutoka safi na ugonjwa upo. Kifua kikuu nacho hung'aa kama saratani.

Mpiga Picha (Malindi):
Ni kweli, Bi, nami sikulitaja hilo. Ndiyo sababu kipande cha uvimbe huchukuliwa kwa sindano ikiongozwa na ultrasaundi, kwa maana picha peke yake haiupi ugonjwa jina. Mkienda PET, ami afunge kula kwa saa zisizopungua 4, aeleze kama ana kisukari, asivute nyavu wala kamba siku moja kabla, na akishadungwa asitafune kitu, la sivyo misuli ya taya itang'aa.

Kijana wa Mkomani (Lamu):
Shukrani nyingi. Tutaanza na sindano, kisha PET. Ami amekubali yote isipokuwa kuacha tambuu, bado tunamsihi.