Hiace ya kulala, Tanga hadi Lushoto na Mtae: niandae nini?

Raskazone_Upepo
Habari za leo wakuu. Nina Hiace ya dizeli, otomatiki, imefungwa kitanda, kabati, jiko la gesi, friji ya volti 12 na tanki la maji la lita 80. Mwezi wa saba familia inataka kupanda Lushoto, tulale karibu na Irente, kisha tusogee Mtae. Segera, Korogwe mpaka Mombo hainitishi. Hofu yangu ni mlima. Gereji nianze na nini?

Fundi_Makorora
Mkuu, anza na breki, injini baadaye. Watu huogopa kupanda, kumbe gari nzito huua ikishuka. Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, kona juu ya kona, na kimo kinaongezeka karibu mita 1,000. Siku ya kurudi, uzito wote huo utashikwa na pedi na ngoma zako usipoitumia injini.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa kiwango cha chini, oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka nyuzi 205, ikishaingia unyevu 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka, mvuke unakaa kwenye paipu, na mvuke, tofauti na oili, unaminyika: unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari inaendelea na safari yake. Kwa hiyo toa oili yote ya zamani, weka DOT 4 ya kopo lisilofunguliwa, toa hewa kwenye paipu za breki za magurudumu yote manne ukianza na lililo mbali zaidi na masta (silinda kuu ya breki). Nunua lita moja, usibane. Pedi zikiwa chini ya milimita 4 badilisha, usingoje zilie. Ngoma za nyuma zifunguliwe kabisa: silinda ikivuja, mafuta yanalowesha lainingi, upande mmoja haushiki na gari inavuta katikati ya kona.

Kushuka, zima O/D (ovadraivu, gia ya juu ya mwendo mwepesi) na uingize gia ya 2 kabla mteremko haujaanza. Spidi ikipanda, kanyaga kwa uhakika, ipungue, kisha achia mguu kabisa. Kuegesha mguu juu ya pedali ndiko kunakopika breki. Na wale wa kutia nyutro eti kuokoa dizeli, uchumi huo ni wa kaburini. Ukisikia harufu ya kuungua, simama penye nafasi, tia P, weka kabari tairi mbili, ngoja nusu saa. Usimwagie maji, diski itapinda.

Soni_Juu
Fundi kamaliza upande wa breki. Mimi naongeza uzito: lita 80 ni kilo 80. Panda na lita 20, za rejeta na kunawa, ujaze Lushoto, maji huko yapo. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, chukua wa kilo 6. Kilicho kizito kikae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, sio juu ya keria.

Dizeli jaza Mombo. Kwenye kona zilizofichwa piga honi na ubaki kushoto kwako, na anayepanda mpe njia, kwani akisimama kuondoka tena ni kazi. Ukishapita Magamba na Lukozi kwenda Mtae, penye vumbi udongo ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Hiace nyingi husukumwa na tairi za nyuma, mkia unatoka kirahisi. Julai si masika, lakini manyunyu na ukungu havikosekani. Ikinyesha usiku, kunywa chai kwanza mpaka jua likaushe njia.

Raskazone_Upepo
Shukrani sana mashehe. Na baridi? Mama watoto anasema tubebe jiko la mkaa, tupashe ndani kabla ya kulala.

Umeme_Ngamiani
Hapana, kabisa! Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu, na ndani ya Hiace iliyofungwa vioo hamtaamka. Hata jiko la gesi lisitumike kupasha. Bebeni blanketi mbili kwa kila mtu na godoro lisikae juu ya bati tupu.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu chini, linalotokea nje. Jaribu maungio kwa povu la sabuni, sio kiberiti.

Friji: ikivuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda, ni karibu Ah 48 (ampea mara saa) kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, maana yake siku moja bila kuwasha gari. Iwe betri ya pili yenye rilei (swichi inayoitenga na betri ya gari injini ikizimwa), ili ya kuwashia gari isiguswe, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio huko kwenye friji. Waya ukisagika njiani kwa mtikisiko, fyuzi ya mwisho wa njia haisaidii kitu.

Halafu maharage chemsheni Tanga kabisa. Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo yatachelewa kuiva na mtachoma gesi nyingi kwa sufuria moja.