Mjadala: Je, Winchester ya kale itobolewe upya ili itimize sheria ya uwindaji ya Ohio?

Hoja iliyo mbele yetu inawahusu sisi tunaoishi na kuwinda Ohio, Marekani. Tangu mwaka 2014 jimbo hili linaruhusu kulungu wa mkia mweupe awindwe kwa raifo, na sharti la sasa ni kwamba ganda la risasi liwe limenyooka kutoka kitako hadi mdomoni na kipenyo cha risasi yenyewe kiwe kati ya inchi .357 na .50. Risasi ya .30-30, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotumiwa zaidi katika bunduki za kukoki kwa wenzo, ina ganda lililobanwa shingoni, kwa hiyo imeachwa nje. Ndipo wenye bunduki hizo wakaanza kuuliza kama ni sawa kumpa fundi atoboe mtutu na kuugeuza uwe wa .38-55, ambayo ganda lake linakubalika.

Nimelifikiria jambo hili tangu mzee aliyenifundisha kuwinda alipoilaza Winchester 94 yake, raifo ya kukoki kwa wenzo, juu ya meza ya jikoni na kunionyesha maandishi "30 W.C.F.", jina la zamani la .30-30, yaliyogongwa kwenye mtutu. Pale mkono unapoishika wakati wa kutembea, rangi ya buluu imelika mpaka chuma kimekuwa na weupe wa sarafu ya zamani. Aliniuliza swali moja tu: nitoboe, nisitoboe?

Wanaounga mkono wana hoja nzito, na ni haki isemwe kwanza. Bunduki hii, iliyobuniwa na John Browning, ilitoka mwaka 1894 ikitumia risasi za .32-40 na .38-55; .30-30 ilifuata mwaka 1895, na ganda lake lilipatikana kwa kuibana shingo ya ganda lile lile la .38-55. Kwa maana hiyo, anayetoboa anairudisha bunduki kwenye asili yake, wala halazimishi kitu kigeni. Kitako cha ganda ni kile kile, na shinikizo la .38-55 liko chini kuliko la .30-30. Isitoshe, zaidi ya milioni 7 za aina hii zilitengenezwa, hivyo si kila moja ni kumbukumbu ya kuwekwa kwenye kabati la kioo.

Hata hivyo mimi napinga, na sababu yangu kubwa ni usalama wa atakayeishika bunduki baada yetu. Bunduki hizi hurithiwa. Mjukuu atakayesoma "30 W.C.F." kwenye mtutu uliokwisha kutobolewa atatia risasi ya .30-30, nayo itaingia, ilhali tundu sasa ni pana kwa karibu milimita 2 kuliko risasi yenyewe. Ganda linaweza kupasuka na gesi ikamrudia usoni. Hatari ya pili ni mbaya zaidi. Risasi ya .375 Winchester, iliyotoka mwaka 1978, ni fupi kidogo kuliko .38-55 na inaweza kuingia katika chemba yake, lakini shinikizo lake linazidi la .38-55 kwa zaidi ya mara moja na nusu, na kiwanda chenyewe kililazimika kuunenepesha mwili wa bunduki ili uistahimili. Mwili wa bunduki ya kale haukuundwa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo fundi anayetoboa bila kuyafuta maandishi ya zamani na kugonga mapya yanayosomeka ametega mtego, hata kama kazi yake ya chuma ni safi.

Lakini kosa la msingi naliona katika sheria. Tunaambiwa kwamba ardhi ni tambarare na nyumba zimekaribiana, kwa hiyo risasi zinazokwenda mbali zizuiwe. Lengo hilo nalikubali kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba sheria inatazama umbo la ganda badala ya kutazama kinachotoka mtutuni. Risasi za .30-30 za bunduki hizi zina pua bapa, kwa kuwa ndani ya mrija ulio chini ya mtutu pua ya kila risasi hugusa fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, ya risasi iliyo mbele yake, na pua kali ingeweza kuilipua. Pua bapa hupoteza mwendo haraka. Risasi ya .30-30 yenye uzito wa greni 150 (karibu gramu 10) hutoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 2,600; risasi ya .450 Bushmaster, ambayo inaruhusiwa kwa sababu tu ganda lake limenyooka, hutoka na takriban 3,600.

Nilimjibu mzee kwamba asitoboe. Akitaka kuwinda msimu huu kwa wenzo, zipo bunduki za .44 Magnum na .45-70 zinazokubalika kama zilivyo, na yake ibaki salama kwa wajukuu. Jimbo nalo liitaje .30-30 kwa jina lake, kwa maana mwaka 2014 lilianza kwa orodha ya majina, .38-55 ikiwemo. Anayepinga, naomba anieleze ni hatari gani iliyomo katika .30-30 ambayo haimo katika .450 Bushmaster.