Dereva kaachishwa kazi Arusha kwa stetasi ya WhatsApp: asubiri au aende Tume?

MjumbeTawi
Wakuu, naomba mwongozo kwa ajili ya mwenzetu. Ni dereva wa kampuni ya utalii hapa Arusha, ana miaka mitatu kazini. Aliweka stetasi yenye picha ya tairi lililokwisha, akaandika kwamba mshahara wa mwezi uliopita haujaingia na gari linapelekwa Serengeti hivyo hivyo. Jina la kampuni linasomeka mlangoni. Mtu akapiga skrinshoti, ikamfikia mkurugenzi. Kesho yake akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa "kuichafua kampuni", bila notisi wala kikao. Sasa ofisini wanamwambia aandike barua ya kuomba radhi, watamfikiria. Leo ni siku ya 19.

Mizani_Ar
Asisubiri hata kidogo, mkuu. Kanuni ya 10 ya GN (Tangazo la Serikali) Na. 64 ya 2007 inatoa siku 30 tu kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku zinahesabiwa tangu kuachishwa, au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho. Barua ya radhi si rufaa, kwa hiyo haisimamishi chochote. Zikipita itabidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Kusema alikuwa anambembeleza bosi ni sababu dhaifu sana.

Achukue Fomu Na. 1 ofisi ya Tume Arusha, maana mgogoro umetokea hapa. Kabla ya kuirudisha ampe mwajiri nakala na apate sahihi au muhuri. Wakikataa kupokea, aitume kwa posta ya rejista na atunze risiti, kwa sababu Tume itataka uthibitisho. Sehemu B, ile ya kuachishwa kazi, asiiache wazi. Aandike kwamba anapinga sababu NA utaratibu, na ataje nafuu anazotaka: kurudishwa kazini au fidia, mshahara anaodai, notisi ya siku 28, likizo, kiinua mgongo, cheti cha utumishi. Wengi hukwama hapa: wakifika kwenye uamuzi wanadai kitu ambacho hakimo kwenye fomu.

Kwenye utaratibu mwajiri ana hali mbaya. Kanuni ya 13 ya GN 42 ya 2007 inataka uchunguzi, tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na mwenyekiti wa kikao ambaye hakuhusika na tukio. Hapa hakuna hata kimoja.

Utumishi_Moshi
Nakubali yote, ila asiende akidhani utaratibu peke yake unamtosha. Sababu ikionekana halali na dosari ikabaki ya utaratibu tu, fidia yake hupungua. Na simu kuwa yake si kinga. Tunachopima ni uhusiano wa maneno yale na kazi.

Hakuna kosa la kinidhamu linaloitwa "kuposti". Kanuni ya 12 ya GN 42 hiyo hiyo inauliza: kulikuwa na kanuni? Ni ya haki na inaeleweka? Mfanyakazi aliijua? Inatumika kwa wote sawasawa? Kufukuza kunalingana na kosa kwa mtu mwenye rekodi yake? Angekuwa ameposti pasipoti za wageni au bei za mawakala, ningekuwa upande wa kampuni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ingeingia. Matusi kwa mkurugenzi nayo yangekuwa habari nyingine. Lakini huyu kalalamikia mshahara na usalama wa abiria. Kama ni kweli, kumfukuza kwa hilo naona ni kukosa uwiano kabisa.

MjumbeTawi
Sera ya mitandao haipo. Mkataba una mstari mmoja: "mfanyakazi atalinda heshima ya kampuni". Stetasi aliifuta.

Mizani_Ar
Mstari huo ni mpana mno kubeba adhabu ya kufukuzwa. Chini ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayethibitisha. Soma pia kifungu cha 37(3): kutumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama alishalalamika ofisini kabla ya kuposti, kwa hiyo atafute ujumbe wowote aliomwandikia meneja kuhusu tairi au mshahara.

Asikane kwamba aliposti. Akikana na skrinshoti ikathibitishwa, atapoteza imani ya mwamuzi kwa mambo mengine yote. Picha halisi ibaki kwenye simu na tarehe yake, na achukue taarifa ya benki inayoonyesha mshahara haukuingia.

Utumishi_Moshi
Na barua ya radhi asiisaini kabla hujaisoma wewe mjumbe. Nyingi huwa na sentensi ya kukiri kosa, na ndiyo itakayoletwa mbele ya mwamuzi. Wakitaka maelewano kweli, usuluhishi wa Tume upo, na wakikubaliana pale yanaandikwa na kusainiwa mbele ya msuluhishi.