Nimeuziwa Alfa Romeo Spider iliyooza. "Halihitaji ukaguzi" ndiyo kauli iliyoniponza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Nikimtaja mtu kwa jina wasimamizi watafuta uzi, kwa hiyo simtaji. Ila nyie mlioko Uingereza mnaowinda magari ya zamani ya Kitaliano, someni kabla hamjatoa hela.

Tarehe 3 mwezi huu nimenunua Alfa Romeo Spider 2000 ya 1974, nyekundu, pauni 14,500. Hela ya miaka sita ya zamu za usiku. Wanaolijua gari hili hawahitaji kuelezwa: bodi ya Pininfarina, injini ya 1962 cc yenye kemshafti mbili, kabureta mbili zimelala ubavuni, gia tano, na turubai unalivuta kwa mkono mmoja bila kunyanyuka kitini. Mama yangu Tanga nilipomtumia picha aliuliza paa wataleta lini.

Muuzaji alijifanya mtu wa kawaida tu, anauza nje ya nyumba yake "kwa uchungu". Kila nikiuliza swali jibu ni lile lile: gari la zaidi ya miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara wala halihitaji MOT, yaani ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka. Anasema kama mtu anayenipa zawadi, nami bwege nikapokea.

Gia namba mbili ilikuwa inakwaruza asubuhi. Sikujali, maana sinkronaiza (kile kifaa cha kulainisha gia inapoingia) ya gia mbili ni ugonjwa wa ukoo kwa Alfa za miaka ile, unabadili taratibu mpaka oili ipate moto. Hayo ya kuishi nayo. Balaa liko uvunguni.

Wiki iliyopita nimelipeleka kwa fundi aangalie breki tu. Akaweka jeki mbele, akainua kidogo, akaniambia fungua mlango, halafu ufunge. Kufunguka ukafunguka. Kufunga, ukagoma. Ule mwanya wa juu kati ya mlango na bodi ya nyuma, ambao gari likiwa chini kidole kinaingia, ulikuwa umeziba kabisa, chuma kinasuguana na chuma. Gari linabonyea katikati kama kitanda cha kamba! Gari lisilo na paa nguvu zake ziko kwenye lile boksi la chuma chini ya mlango. La kwangu aliligonga kwa mpini wa bisibisi: mbele linalia ngo, ngo, ukifika katikati unasikia mkate mkavu. Akakwangua ile rangi nyeusi kama lami (ilipakwa majuzi tu, bado inanata), chini yake puti, chini ya puti fibaglasi, chini ya fibaglasi hakuna kitu. Kidole changu kiligusa zulia la ndani.

Na hapo hapo karibu ndipo mkanda wa abiria umefungwa. Jumapili ya kabla yake nilimpakia binti yangu wa miaka 9, turubai chini, barabara kuu, mtoto anapiga vigelegele. Nikikumbuka hilo chakula hakipiti.

Usiku nikaingia tovuti ya serikali. Unaandika namba ya gari, bure kabisa, historia yote ya ukaguzi inakuja. Mara ya mwisho 2017: limefaulu, ila kwa onyo, kutu chini ya milango pande zote mbili. Mei 2018 msamaha wa magari ya miaka 40 ukaanza, na tangu hapo hakuna mkaguzi aliyechungulia tena. Msiniambie "si sheria inaruhusu?" Sheria imesamehe ukaguzi, haijasamehe ubovu. Ukikamatwa na gari la hatari ni faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, liwe la 1974 au la juzi. Na MOT ya hiari ipo, hakuna anayekukataza. Ningemwambia yule bwana "twende likapimwe, nalipa mimi", ningemwona uso wake. Sikumwambia. Akili yangu ilikuwa imeshahamia kwenye kuchagua miwani.

Fundi anataka pauni 6,800 za kuchomelea. Muuzaji ujumbe kasoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Sasa sikieni. Nimeitafuta namba yake ya simu mtandaoni nikakuta matangazo mengine manne, magari manne tofauti, yote ya "kwa uchungu". Huyo ni mfanyabiashara kajificha. Na kama ni mfanyabiashara, sheria ya haki za walaji ya 2015 inanipa siku 30 kulikataa gari na kudai hela yangu yote. Leo siku ya 23. Matangazo nimeyapiga picha kabla hajayafuta, barua imeondoka jana kwa rejista.

Aliyewahi kumrudishia gari dalali wa aina hii aseme alifanyaje alipogoma kujibu. Na nyie wa "si bora ungenunua Noah", nawajua wote. Subirini siku ya 31.