Binti yangu wa miaka 13 anarudisha chakula cha shule bila kukigusa, na chanzo ni simu. Wazazi, nisaidieni

Mama_Umoja2
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala, ama angalau taa zimezimwa.

Binti yangu ni kifungua mimba, yuko Gredi ya 8. Mwezi wa nne nilimnunulia simu kwa sababu kazi za likizo zilikuwa zinatumwa kwa WhatsApp, na yangu naondoka nayo alfajiri, narudi saa 2 usiku. Muhula ulipoanza nikaona kontena lake la chakula linarudi zito. Siku ya kwanza nilidhani amekula kwa rafiki. Wiki ya pili likarudi zito kila siku, hata siku niliyoweka chapati, na mtoto huyu kwa chapati humwambii kitu. Nikimuuliza, hana njaa. Usiku anakula, lakini akiwa amenipa mgongo.

Juzi ndipo nikajua. Mwenzake alimpiga picha akila, shavu limejaa. Wakaigeuza stika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kundi lisilo na mwalimu wala mzazi. Mtu akiandika lolote, anajibiwa kwa uso wa mwanangu. Nilihesabu mara 41 kwa siku moja. Nikafungua TikTok yake: video za kupunguza tumbo, moja baada ya nyingine, na wasichana wanaoonyesha chakula chao cha siku nzima, yaani tufaha moja na chai ya rangi.

Hasira zikanipanda, nikamnyang'anya simu palepale. Siku ya tatu leo haongei nami. Jana saa 6 usiku nimemkuta chini ya blanketi na simu ya dada anayetusaidia nyumbani, anaangalia kundi lilelile. Kwa nini anarudia kinachomuumiza? Nimfanyie nini?

Baba_Pacha_Githurai
Pole sana mama. Msimamo wangu ni mmoja, hakuna simu janja hadi amalize sekondari. Wangu wana kabambe ya kupiga na kupokea, basi. Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao kama TikTok na Instagram hairuhusiwi kuweka akaunti za walio chini ya miaka 16. Kama serikali nzima imeliona, sisi tunangoja nini? Hiyo simu usiirudishe.

Mwalimu_Kayole
Mama, nafundisha Gredi ya 7 na 8, na hili nimeliona zaidi ya mara moja. Anarudi kutazama kwa sababu kutojua wanasema nini leo kunamtesa kuliko kujua. Kesho atakaa nao darasa moja, anataka kujiandaa.

Baba Pacha, hata sheria hiyo ya Australia haikugusa WhatsApp, na stika iko WhatsApp. Ukimwondoa binti, kundi linabaki.

Piga picha za skrini, tarehe zionekane, kabla hawajafuta. Nenda kwa mwalimu wa darasa ana kwa ana. Usiziweke kwenye kundi la wazazi, utakuwa umeisambaza stika kwa watu wengine 60. Na tafadhali usimvizie huyo mtoto mwingine langoni. Sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 ipo, lakini hawa ni watoto wa miaka 13. Aitwe na mzazi wake, aambiwe alichofanya, aifute mbele yao. Mara nyingi huwa hajui kwamba mwenzake ameacha kula.

Nesi_Eastlands
Kwangu mimi la kwanza ni chakula. Usimtajie uzito, hata kwa kumsifu. Kuleni pamoja jioni, simu za wote mbali na meza, yako pia.

Hizo video hakuzitafuta zote mwenyewe. Akitulia sekunde chache kwenye moja, mtandao unamletea zingine za aina hiyo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani ya kampuni. Utafiti wao wenyewe ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana wa umri huu walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram, ambayo ni ya kampuni hiyohiyo, inawazidishia. Kwa hiyo usimwambie ni mjinga kwa kuzitazama.

Angalia mwaka wa kuzaliwa aliojaza TikTok. Aliye chini ya miaka 16 hawezi kutumiwa ujumbe wa faragha, na aliye chini ya 18 anawekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku. Akidanganya umri, ulinzi huo wote haumfikii. Kuna pia Family Pairing, inayounganisha akaunti yako na yake. Iwasheni mkiwa pamoja, ajue.

Akitaja kufa au kujiumiza, usingoje kesho. Nenda hospitali iliyo karibu. Na 116 ya Childline Kenya ni bure, usiku na mchana, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Mama_Umoja2
Nimeangalia. Amejaza amezaliwa 2003. Mungu wangu.

Msee_wa_Buru
Mathe, samahani nikiingilia, mimi nina miaka 19. Nikiwa kidato cha pili yalinipata kama haya. Nilimwambia mamangu, akachukua simu. Nilichojifunza ni kwamba ukisema, unanyang'anywa. Yaliyofuata sikumwambia, na yalikuwa mabaya zaidi.

Mwambie kwanza kwamba hakukosea kitu. Mwambie hata kama utarudia mara kumi. Usimkalishe mkatazamane, itakuwa kama kesi. Mimi niliongea na mjomba ndani ya matatu, sote tukiangalia dirishani. Baadaye akawa ananipeleka uwanja wa basketiboli kila jioni, na huko hakuna aliyejua jina langu la utani.

Baba_Pacha_Githurai
Kijana, umenigusa. Wangu leo wasingeniambia. Nimeenda kuwauliza habari za shule na wamenishangaa.

Mama_Umoja2
Narudi baada ya siku tisa. Nilimwomba msamaha tukiosha vyombo. Hakujibu, ila hakuondoka. Mwaka wa kuzaliwa tumeurekebisha pamoja. Simu zote, yangu na ya dada pia, zinalala jikoni kuanzia saa 3 usiku. Mwalimu wa darasa amewaita wawili na wazazi wao, stika imefutwa, ingawa sijui iko kwenye simu ngapi. Kundi amelitoka mwenyewe.

Kontena la leo limerudi nusu. Wali ameumaliza, maharagwe yamebaki.

Nesi, ama yeyote anayejua: kuna mshauri wa watoto huku Eastlands anayefanya kazi Jumamosi? Siku zingine siwezi kuomba ruhusa kazini.